Kabla Hujanunua Spika Mpya: Mwongozo Kamili wa Kupata Sterio Halisi Sebuleni

Muziki ukikosa ladha, wengi wetu tunawaza spika kubwa zaidi. Mimi nasema subiri kwanza. Ingia sebule kumi, utakuta spika zimebanwa ndani ya kabati la TV, moja iko nyuma ya maua ya plastiki, nyingine imelazwa juu ya sabufa, na kochi limegusa ukuta wa nyuma. Spika ya bei yoyote ikiwekwa hivyo itakuangusha. Ukizitoa hizo hizo ulizonazo, ukazipima kwa futikamba na kuzipanga upya mchana mmoja, utasikia tofauti ambayo pesa nyingi dukani zisingekuletea.

Nitatumia sebule moja kama mfano: mita 4 kwa 5, dari iko mita 3 juu, kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, madirisha ya aluminiamu. Ndani kuna spika mbili ndogo, zile za kukaa mezani, na amplifaya ya kawaida. Kama chumba chako ni tofauti, fuata hesabu tu, utapata namba zako.

Unatafuta kusikia nini?

Sterio maana yake si spika mbili zinazopiga kelele. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya kurekodi muziki ya EMI kule Uingereza, aliomba hataza yake Desemba 1931 kwa wazo hili: masikio mawili yanapokea tofauti ndogo sana za muda na za nguvu, na ubongo unazitumia kujua sauti inatoka wapi. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa wakati uleule na kwa nguvu ileile, ubongo unaiweka katikati, mahali ambapo hakuna spika kabisa. Hapo ndipo mwimbaji anapotakiwa kusimama. Vyombo vingine vinajipanga kushoto na kulia kwake, na vingine vinasikika kama viko nyuma zaidi.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni muziki wa zamani wa mono. Chukua santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, ambazo leo utazipata zikiwa zimehamishiwa kwenye mafaili. Sahani za sterio zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo kilichomo ni njia moja tu ya sauti. Ukizipiga kwenye spika mbili, Siti na wapigaji wake wote wanapaswa kutoka katikati, kwenye eneo jembamba, kama vile kuna spika ya tatu hapo. Wakiegemea upande mmoja, spika hazijalingana kwa umbali au kwa nguvu. Wakizagaa chumba kizima bila kuwa na mahali, nyaya zako zimepishana. Rudi kwenye kipimo hiki kila ukibadilisha kitu.

Nyaya

Zima umeme kabla ya kugusa chochote. Waya wa spika una nyuzi mbili, na upande mmoja una alama: mstari, rangi nyekundu au maandishi. Uzi wenye alama uende kwenye nyekundu ya amplifaya na nyekundu ya spika, ule mwingine uende kwenye nyeusi pande zote mbili. Ukigeuza kwenye spika moja tu, koni ya kushoto (ile sehemu inayocheza mbele ya spika) itakuwa inasukuma hewa wakati ya kulia inaivuta. Besi itapungua ghafla na mwimbaji atapotea. Kosa hili liko kwenye nyumba nyingi kuliko unavyodhani, na kulirekebisha hakugharimu hata senti.

Kama nyaya hazina alama, tumia betri moja ya 1.5 V, ile ya rimoti. Chomoa waya kwenye amplifaya, uache upande wa spika. Gusisha ncha mbili kwenye betri kwa nukta moja tu huku mwenzako akiangalia koni. Ikiruka nje, ncha iliyogusa upande wa kujumlisha ndiyo nyekundu. Ikiingia ndani, ni kinyume chake. Funga uzi au tepu upande wa nyekundu.

Kuhusu unene wa waya, usidanganywe na bei. Waya wa shaba wa 1.5 mm² unatosha kwa mita tano. Ule mwembamba kama uzi unaokuja na redio za bei nafuu ubadilishe kwa wa 2.5 mm² wenye nyuzi nyingi, unaouzwa kwa mita kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Hakikisha ni shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba: kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, urudishe. Ncha zilizovuliwa zisokote vizuri, kwa sababu unywele mmoja wa shaba ukigusa nyekundu na nyeusi kwa pamoja unaweza kuunguza amplifaya. Kwa sisi wa Pwani, hewa ya chumvi inafanya shaba kuwa nyeusi au kijani. Kila mwaka kata sentimita mbili za mwisho na uvue upya.

Ukishafunga, rudisha kitufe cha balansi katikati. Zima kila kitu kinachoitwa 3D, surround au mega bass. Kwenye simu, fungua mipangilio ya usaidizi wa kusikia uhakikishe sauti ya mono haijawashwa, maana ikiwa imewashwa utahangaika bure siku nzima.

Spika zikae wapi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye faida kubwa.

Zitoe kabatini. Kabati linatetema pamoja na spika na kuongeza mvumo wake mwenyewe, kisha mbao za pembeni zinarudisha sauti kabla haijafika masikioni. Spika inahitaji kusimama peke yake, twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, ikiwa usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Kaa kwenye kochi, mwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi sikioni. Mara nyingi ni kati ya sentimita 90 na 100.

Stendi si lazima ziwe za dukani. Tofali la saruji la inchi sita lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha 22.5. Simamisha moja, lingine liweke juu yake kwa upana, unapata karibu sentimita 67. Spika ambayo twita yake iko sentimita 28 kutoka chini yake itafika 95, palepale pa sikio. Hii ni njia ya kujaribia tu. Kama kuna watoto ndani, usiache matofali yamepandana hivyo. Ukisharidhika na mahali, peleka vipimo kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi za skwea paipu zenye sahani pana chini. Ndani ya bomba jaza mchanga mkavu wa mtoni ili lisilie kama kengele. Mchanga wa baharini usiutumie, chumvi yake italila bomba kutoka ndani. Kati ya stendi na spika weka vipande vinne vidogo vya raba ya ndara.

Sasa vipimo. Kanuni ya msingi ni pembetatu: umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali kutoka kila spika hadi kichwani. Kwenye sebule yetu, tutatumia ukuta mfupi wa mita 4. Spika ziachane mita 2.4, kila moja iwe sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni. Uso wa spika uwe sentimita 60 mbele ya ukuta wa nyuma yake.

Mbona 60 na si 10? Sauti za chini hazielekei mbele peke yake, zinazunguka spika, zinagonga ukuta na kurudi. Zikirudi zimechelewa kwa nusu wimbi, zinafuta zile zinazotoka. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 345, yaani takriban mita inazosafiri sauti kwa sekunde kwenye joto letu, kwa mara nne ya umbali wa uso wa spika kutoka ukutani. Kwa sentimita 60 unapata karibu 144 Hz (mitetemo kwa sekunde): hapo ndipo sauti inapofutika na kuacha shimo. Kwa mita 1 unapata 86 Hz. Huwezi kulikwepa shimo hilo kabisa, unachagua tu litokee wapi. Cha kuepuka ni umbali wa ukuta wa nyuma kuwa sawa na ule wa pembeni, kwa sababu mashimo mawili yataangukia mahali pamoja. Ndiyo maana nimeweka 60 na 80.

Ukiisogeza karibu na ukuta besi inaongezeka, na kwenye kona inazidi kabisa. Wengi wanaifurahia siku ya kwanza. Baada ya wiki wanagundua kila wimbo una besi ileile moja, nzito, inayofunika gitaa na sauti za kiume. Kama spika yako ina tundu nyuma na huna nafasi ya kuisogeza, ziba tundu hilo kwa soksi safi iliyokunjwa. Mvumo utapungua.

Usawa wa kushoto na kulia ni muhimu kuliko namba zenyewe. Chukua kamba, ishike kwenye twita ya kushoto, mwenzako aivute hadi mahali pa pua yako, afunge fundo. Hamisha kwenye twita ya kulia. Fundo liangukie palepale, tofauti isizidi sentimita moja. Futikamba inapinda ikinyooshwa hewani, kamba haidanganyi.

Kisha zielekeze. Zigeuze ndani hadi ukiwa umekaa unaona ubavu wa ndani wa kila spika kwa wembamba tu. Piga wimbo wenye mwimbaji mmoja. Ukizigeuza zaidi kuelekea kwako, mwimbaji anakuwa na umbo kali na sauti za juu zinang'aa. Ukizinyoosha, jukwaa linapanuka, lakini mwimbaji anaanza kuyeyuka. Zigeuze digrii chache kwa wakati mmoja. Ipo sehemu ambapo mdomo wake unakuwa na ukubwa wa mdomo wa mtu, unasikia pumzi inavutwa kabla ya ubeti, na spika zenyewe zinaacha kuonekana kama ndizo zinazotoa sauti. Ukifika hapo, bandika tepu ya karatasi sakafuni kuzunguka miguu ya stendi, watu wa usafi wakisogeza uweze kurudisha.

Kiti

Kochi lililogusa ukuta ni adui wa pili baada ya kabati. Ukutani ndipo besi inaporundikana, na kichwa chako kinapokea sauti iliyogonga ukuta sentimita chache nyuma ya masikio.

Kila chumba kina masafa yake kinayoyapenda. Gawanya 345 kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Kwa mita 5 ni karibu 34 Hz, kwa mita 4 ni 43 Hz, kwa kimo cha mita 3 ni 57 Hz, na mara mbili za namba hizo zinafuata. Kwenye yale ya kwanza besi inakuwa nzito sana ukutani na inapotea kabisa katikati ya chumba. Kwa hiyo usikae ukutani na usikae katikati kamili. Mahali pazuri pa kuanzia ni asilimia 38 ya urefu wa chumba. Kwa mita 5 hiyo ni mita 1.9 kutoka ukuta wa nyuma yako. Kichwa kitakuwa mita 2.5 kutoka kwenye mstari wa spika, na kila twita itakuwa karibu mita 2.8 kutoka sikioni. Pembetatu imerefuka kidogo, haina neno.

Najua sebule ni ya watu wote, na kochi katikati ya njia litaleta maneno. Basi livute hata sentimita 50 tu kutoka ukutani, na ukutani nyuma ya kichwa tundika kitu kizito cha kunyonya sauti. Au weka kiti kimoja chepesi ambacho unakisogeza mbele wakati wa kusikiliza na kukirudisha baadaye. Watu wenye mifumo ya bei kali wanafanya hivyo hivyo.

Chumba chenyewe

Simama katikati ya sebule, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio kama trrr unaofuata, sauti inaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana. Nyumba zetu za tofali, marumaru na vioo ni mabingwa wa jambo hili. Nyumba ya zamani ya mbao na makuti inanyonya sauti bila kuambiwa. Ya kisasa inairudisha yote.

Anza na zulia nene kati ya spika na kochi. Mkeka ni mzuri kwa kukalia, ila ni mwembamba mno kwa kazi hii. Madirisha yapate pazia zito lenye mikunjo mingi, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha. Kabati la vitabu lisilo na milango ya kioo linasaidia ukuta wa nyuma kwa sababu vitabu vya vimo tofauti vinatawanya sauti.

Halafu kuta za pembeni. Kaa kwenye kiti chako, mwambie mtu atembeze kioo cha kujitazamia ukutani, usawa wa twita. Utakapoiona twita ya spika ya upande huo ndani ya kioo, weka alama. Hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Fanya hivyo upande wa pili pia, kisha tundika paneli sehemu hizo mbili.

Paneli ni fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, yenye kina cha sentimita 10. Ndani jaza sufi iliyochambuliwa vizuri au pamba ya madini ya kuzuia joto inayowekwa juu ya dari. Ukitumia pamba ya madini vaa glavu na barakoa, na uizungushie kitambaa laini kabla ya kufunika. Nje funika kwa khanga au kitenge. Kabla ya kuchagua kitambaa, kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila shida, na sauti itapita. Plastiki na ngozi ya bandia hazifai. Trei za mayai ambazo watu wanabandika kwenye studio ndogo hazinyonyi karibu chochote cha maana, na zinashika moto haraka. Sponji za godoro nazo zinanyonya kiasi, ila zikiungua moshi wake una sumu, zisikae karibu na soketi.

Elewa mipaka ya vitu hivi. Paneli ya sentimita 10 inafanya kazi nzuri kwa sauti za kati na za juu. Wimbi la 43 Hz lina urefu wa mita 8, halijui kama pazia lipo. Besi inatibiwa kwa kusogeza spika na kiti, basi. Na usifunike kila ukuta, chumba kitakufa na muziki utakosa uhai.

Mwisho, tafuta vinavyotetema. Piga sauti ya majaribio inayopanda kutoka 20 hadi 200 Hz, taratibu, kwa nguvu ndogo, utembee chumbani. Vioo vya kabati la vyombo, fremu ya picha, wavu wa dirisha, kifuniko cha taa: kila kimoja kitajitaja. Kipande cha sponji au gundi kinamaliza.

Kama una sabufa

Iweke juu ya kiti unachosikilizia, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa ukiwa umeinama pembezoni mwa chumba. Mahali unaposikia noti zote kwa usawa, ndipo sabufa inapokaa. Kifundo cha masafa, kinachoamua sauti za sabufa ziishie wapi, anza na 80 Hz, au 100 kama spika ni ndogo sana. Swichi ya 0 na 180 jaribu kote, uache panapojaa zaidi kwenye kiti. Kisha punguza sauti yake hadi usijue iko wapi. Ukiweza kuinyooshea kidole ukiwa umefumba macho, bado ni kubwa.

Chanzo na nguvu

Kwa sauti safi, waya una faida kuliko Bluetooth, japo kwa faili zuri tofauti si ya kukunyima usingizi. Faili ndilo muhimu. Wimbo wa 128 kbps (kipimo cha data ya faili kwa sekunde) umeshakatwa sauti za juu, na kuubadilisha kuwa 320 hakurudishi kilichokatwa. Ukitumia waya wa jeki, panua sauti ya simu karibu mwisho, ushushe kwenye amplifaya.

Mvumo mfululizo wa mmm mara nyingi ni wa umeme wa 50 Hz. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, chomoa chaja ya kompyuta uone kama unakoma.

Ekwalaiza itumie kupunguza kinachokera. Ukipandisha besi kwa desibeli 10 unaidai amplifaya nguvu mara kumi. Ikishindwa inakata vichwa vya mawimbi, na twita ndiyo inayoungua kwanza. Namba za PMPO, zile wati kubwa za kuvutia wateja, zilizoandikwa kwenye boksi hazina kipimo kinachotambulika. Geuza mashine, soma nyuma inakula wati ngapi za umeme. Inayokula wati 60 ukutani haiwezi kutoa 3000 mfululizo, hata sanduku liandike nini.

Ukiamua kununua za mtumba

Spika za zamani zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai zinaweza kuwa bora kuliko mpya za bei ileile, ila zikague. Vua wavu wa mbele. Ukingo unaozunguka koni ukiwa wa sponji, uguse kwa kidole polepole: joto na unyevu vinauozesha, unabaki kunata au kumeguka kama keki kavu. Wa raba hudumu zaidi. Sukuma koni ndani kwa vidole vinne vilivyoenea sawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua, iache hapo. Sikiliza kila twita peke yake kwa sikio karibu nayo, na hakikisha spika zote mbili ni za aina moja, maana jozi ya spika tofauti zilizounganishwa haitakupa katikati hata ukiipima vipi. Ukingo wa sponji uliooza peke yake usikukimbize: fundi mzuri hubandika mpya, na muuzaji akijua umeuona atashusha bei.